Waewe: Taifa Moja, Vigoda Vingi

Msomaji, ukiitazama ramani ya Afrika ya Magharibi utaona mpaka wa Ghana na Togo ukishuka hata pwani. Mpaka huo umepita katikati ya nchi ya Waewe. Je, watu waliokatwa hivyo wamebakije kuwa watu wamoja?

Usidhani waliunganishwa na mfalme. Wazee wao husimulia kwamba hapo kale wote walikaa Notsé, mji ulio Togo sasa, ndani ya ukuta mkubwa, chini ya Agokoli, mfalme mkali mno. Wanawake wakamwaga maji mahali pamoja ukutani hata udongo ukalainika. Usiku watu wakautoboa, wakatoka wakienda kinyumenyume, ili nyayo zao ziwadanganye wenye kuwafuatia. Tangu hapo hawakuwa na mfalme mmoja. Kila nchi ndogo, kama Anlo, Peki na Ho, ilikuwa na fia, yaani mtawala wake, na kigoda chake, alama ya enzi na ya wazee waliotangulia.

Lakini uhuru huo ulikuwa na gharama yake. Anlo ilitwaliwa na Waingereza mwaka 1874, na Togo ikatwaliwa na Wajerumani mwaka 1884. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wafaransa wakaigawanya Togo baina yao. Waewe hawakuwa na mtawala mmoja wa kuwasemea wote. Basi mwaka 1946 wakaunda Mkutano wa Waewe Wote, na mwaka 1947 Sylvanus Olympio akawatetea mbele ya Umoja wa Mataifa. Hawakufaulu. Katika kura ya Mei 1956, watu 58 katika kila 100 wa Togo ya Waingereza walichagua kuungana na Gold Coast, ingawa wilaya za Waewe za kusini, Ho na Kpandu, zilikataa. Ghana ikapata uhuru mwaka 1957, Togo mwaka 1960, na mpaka ukabaki.

Hata hivyo, Waarabu wa Pemba hujuana kwa vilemba. Kila Novemba, huko Anloga, watu wa Anlo huadhimisha sikukuu ya Hogbetsotso, kukumbuka kutoka Notsé. Fikiri, msomaji: sikukuu ni Ghana, na mji unaokumbukwa ni Togo. Serikali zaweza kugawa ardhi, wala vigoda vingi havikuwazuia Waewe kuwa taifa moja. Kwani kilichowafunga pamoja si kiti cha mtu, bali ni lugha yao na safari moja ambayo kila mzazi humsimulia mwanawe.