Peramiho, kijiji cha abasia kilichoinuka kwenye majivu ya Majimaji

Ufaransa ina vijiji vidogo vya Zama za Kati vilivyokulia ubavuni mwa nyumba za watawa. Conques, huko Aveyron, ni kimojawapo. Kanisa lake la Mtakatifu Foy ni la karne ya 11 na 12, na mahujaji wanaokwenda Santiago de Compostela bado hupita hapo. Wageni hutoka mbali kukiona. Sisi wa Ruvuma tunacho kijiji cha mpango huohuo, kilomita zipatazo 24 magharibi mwa mji wa Songea: Peramiho.

Mpango wenyewe ni wa kale kuliko Conques. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, inaagiza kwamba maji, kinu, bustani na ufundi wa kila namna viwe ndani ya uzio wa monasteri, mtawa asiwe na sababu ya kuzurura nje. Wabenediktini wa St. Ottilien, Ujerumani, ndio walioileta Ungoni, nchi ya Wangoni. Padre Cassian Spiss alifungua misheni ya Peramiho mwaka 1898.

Hawakukuta nchi tupu. Jirani hapo alitawala Nkosi Mputa Gama, na watu walikuwa na mahoka, mizimu ya wahenga, waliyoijengea vibanda vya kutambikia. Padre Franziskus Leuthner alikichoma moto kibanda cha mahoka cha Mputa. Ukitaka kuelewa Peramiho, simama hapo kwanza. Kodi, viboko na kazi za kulazimishwa za utawala wa Wajerumani vilikuwa mzigo wa watu wote, lakini kuchoma mahali pa ibada pa mtawala kulikuwa tusi kwake na kwa wahenga wake.

Vita ya Majimaji dhidi ya utawala huo ilipowaka mwaka 1905, wamisionari nao walihesabiwa upande wa serikali. Tarehe 14 Agosti, Spiss, wakati huo akiwa askofu, aliuawa karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Septemba, wapiganaji wa Kingoni waliiteketeza misheni ya Peramiho.

Kisasi cha Wajerumani kilikuwa kikatili. Tarehe 27 Februari 1906 walinyonga makumi ya viongozi wa Kingoni mjini Songea, Mputa akiwa miongoni mwao. Padre Johannes Häfliger aliwabatiza wengi wao kabla ya kupelekwa kitanzini. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, aliuawa pia. Mashamba na maghala ya chakula yaliharibiwa kwa makusudi, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi.

Misheni ilijengwa upya. Mwaka 1931 Peramiho ikawa abasia, chini ya Abate-Askofu Gallus Steiger, Mswisi. Kanisa kubwa tunaloliona leo lilijengwa miaka ya 1940. Kulizunguka zikaenea karakana za useremala na ufundi mwingine, mashamba, shule, kiwanda cha uchapaji na Hospitali ya Mtakatifu Yosefu, ambayo wagonjwa wa kusini kote wanaijua. Kwa mafundi na wagonjwa hao, abasia imefanya kazi kubwa na ya kweli, na anayeibeza hajawahi kuihitaji.

Hata hivyo, mgeni anayepelekwa Peramiho kupiga picha za kanisa na kurudishwa mjini ameoneshwa nusu ya habari. Nusu nyingine iko Songea, kwenye Makumbusho ya Majimaji na kaburi la pamoja la walionyongwa, ambako kila Februari watu hukusanyika kuwakumbuka. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo, akakutana na wazao wa Songea Mbano na kuomba radhi. Familia inalitafuta fuvu la babu yao, linaloaminika kupelekwa Ujerumani.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaotembeza wageni, na kwa walimu wanaopeleka wanafunzi ziara: anzieni makaburini, kisha ndipo mwende Peramiho. Mkifika kanisani, watajieni watoto jina la Mputa Gama sambamba na la Cassian Spiss, na waambieni pia habari za kile kibanda cha mahoka.