Moto wa Nyumbani na Ngitili: Bariadi Kabla ya Mkoa wa Simiyu
Historia ya moto wa nyumbani Bariadi haitenganishwi na historia ya kufyeka miti. Tangu miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilifyeka vichaka vya Usukuma ili kuangamiza mbung'o. Kisha mashamba ya pamba yakapanuka, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikazitenga kaya na ngitili zao, yaani malisho ya akiba. Kuni zilipoadimika, mafiga yaliyopikia na kuipasha nyumba joto yakalishwa mabua ya pamba na samadi kavu. Samadi hiyo ilihitajika shambani. Moto ukalipiwa kwa mavuno. HASHI, ulioanzishwa mwaka 1986 Shinyanga, mkoa uliojumuisha Bariadi hadi 2012, ulihuisha ngitili. Mradi huu husifiwa kwa hekta. Utafiti huu unaupima kwa saa ambazo wanawake hutumia kutafuta kuni.