Bahari Imejaa Samaki, Watu Wanakufa Njaa

Ireland ni kisiwa, bahari imekizunguka pande zote. Sasa ilikuwaje, kati ya 1845 na 1852, watu kama milioni moja wakafa kwa njaa na magonjwa yake, na samaki wako pale pale? Vijana wetu hapa kambini wanapenda kuuliza hivyo, na wengine wanajijibu haraka: "Walikuwa wavivu tu." Sisi tuliotoka Fizi na Uvira, watu wa Ziwa Tanganyika, tulijibu swali hili taratibu, maana neno hilo na sisi tunaambiwa.

Maskini wa Ireland waliishi kwa viazi. Kipande kidogo cha ardhi ya kukodi kililisha familia nzima. Ukungu ukaozesha viazi mwaka 1845, na 1846 ukarudi kwa nguvu zaidi. Hapo ndo watu wakageukia ufuko.

Kuvua kutoka nchi kavu walikuwa wanakujua zamani. Katika visiwa vya Aran, wanaume walikaa ukingoni mwa majabali marefu, wakateremsha mshipi wenye jiwe na chambo mpaka chini kwenye mawimbi. Ukiteleza, basi. Samaki wa miamba waliopatikana walitiwa chumvi na kukaushwa. Maji yakipwa, wanawake na watoto walibandua kombe kwenye mawe na kuokota mwani. Lakini ufuko haulishi wilaya nzima. Njaa ilipozidi, sehemu nyingine miamba ilibaki mitupu.

Si wangeingia baharini, basi? Mtumbwi wao, currach, ulikuwa fremu ya mbao nyepesi iliyovikwa ngozi au turubai lililopakwa lami. Unafaa karibu na pwani, siku ya utulivu. Majira ya baridi ya 1846 na 1847 yalikuwa makali, na samaki wengi walikuwa mbali, kwenye kina kirefu. Tena samaki bila chumvi na bila usafiri anaoza. Reli ilifika Galway mwaka 1851, watu wameshazikwa.

Kinachoniuma zaidi ni Claddagh, kijiji cha wavuvi kando ya mji wa Galway. Hao walikuwa na vyombo na ujuzi wa vizazi. Ila njaa ilipobana waliweka nyavu na vifaa rehani ili wanunue unga. Unga ukaisha, nyavu ziko kwa mwenye duka. Mtu anaitazama bahari yake, mikono mitupu. Mwaka 1847 Wakristo wa kundi la Marafiki, ambao wengine huwaita Wakweka, walifika, wakaona, wakawakopesha wavuvi pesa kidogo wakomboe vifaa vyao. Vyombo vikaingia tena majini. Marafiki hao hao walianzisha na vituo vya uvuvi sehemu nyingine za pwani, lakini vingi havikudumu.

Leo kwenye miamba na fukwe hizo watu huenda na fimbo za kuvulia kwa starehe, hasa kumtafuta samaki anayeitwa bass. Samaki huyo alipungua mpaka mwaka 1990 Ireland ikapiga marufuku meli zake kumvua kwa biashara. Kwa hiyo hata bahari ina mwisho wake.

Ndugu wakazi wenzangu, ukisikia mtu anasema eti wenye njaa ni wavivu, muulize kwanza: nyavu zao ziko wapi? Na ndugu zetu wa mashirika, mnapokaa kupanga mradi mpya, ulizeni pia kitu ambacho mtu alikuwa nacho kabla ya kukimbia au kabla ya kukiuza apate unga: cherehani, jembe, baiskeli, cheti cha shule. Pengine kukikomboa hicho ni bei ndogo kuliko mradi wenyewe, na mwenyewe anajua tayari kukitumia.