Bastola: kutoa magazini peke yake hakutoshi
Risasi za bastola nyingi hukaa kwenye magazini, ndani ya mpini. Ukivuta sehemu ya juu ya bastola na kuiachia, risasi moja huingia chemba, tayari kufyatuliwa. Hapo ndipo wanaoanza kujifunza hukosea: wanatoa magazini na kudhani bastola ni tupu, kumbe risasi moja imebaki chemba, nayo inaweza kuua.

Elekeza mtutu pasipo na mtu, kidole kiwe mbali na kifyatulio. Toa magazini kwanza, kisha vuta sehemu ya juu ili risasi iliyobaki itoke. Chungulia chemba. Hata kama mwenzako ameikagua mbele yako, ikague tena.

Kwa Tanzania, sheria ya mwaka 2015 inataka mmiliki wa bastola awe na leseni.