Mkanda wa Picha 36

Mwaka 1977 niliwapeleka wanafunzi wangu katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Shingoni nilining'iniza kamera ya Nikon yenye lenzi ya milimita 200, na ndani yake mkanda mmoja wa picha 36. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimeumaliza kwa twiga na pundamilia. Jioni wakatokea mbwa mwitu kando ya barabara. "Mwalimu, piga!" wanafunzi walininong'oneza. Niliona haya kukiri. Nikainua kamera, nikajifanya napiga. Baadaye walipoidai picha, nikasema imeungua studio.

Sikujua kwamba miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1975, Steven Sasson, mhandisi wa Kodak huko Marekani, alikwisha kuunda kamera isiyotumia filamu. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi, na ilitumia sekunde 23 kuhifadhi picha moja, tena isiyo ya rangi, katika kaseti. Kampuni iliyoishi kwa kuuza filamu haikuikimbilia kazi hiyo. Januari 2012 ikaenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Nilipostaafu nilichagua Nikon D7000, iliyotoka mwaka 2010. Sababu zangu zilikuwa tatu. Kwanza, lenzi yangu ya zamani iliingia barabara, ingawa ilinibidi kuilenga kwa mkono. Pili, kwa kuwa kipokea mwanga chake ni kidogo kuliko filamu, lenzi ya milimita 200 huvuta mnyama kama ya 300. Tatu, giza likianza kuingia, naongeza wepesi wa kupokea mwanga kwa kitufe, bila kubadili mkanda. Hupiga picha sita kwa sekunde. Mkanda wangu wa Mikumi ungekwisha kwa sekunde sita!

Nilirudi Mikumi na kupiga picha mamia. Zilizofaa hazikuzidi kumi. Uhaba wa filamu ulinifundisha kusubiri. Wingi huu wanifundisha kufuta.

Hivi karibuni mmoja wa wanafunzi wale, sasa babu mwenye wajukuu, alinitembelea. Nilimwonyesha kamera, kisha nikamwungamia habari ya mbwa mwitu.

Akacheka. "Mwalimu, tulijua siku ile ile," alisema. "Kamera haikulia."