Bei ya Unga na Kalenda ya Uchaguzi

Mnamo Julai 20, 2022, zikiwa zimesalia siku 20 Wakenya wapige kura, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi, iliyokuwa ikiuzwa Sh205, ingeuzwa Sh100. Serikali ingewafidia wasagaji tofauti hiyo kwa muda wa wiki nne. Agizo likasomwa, magazeti yakaandika, lakini akina mama waliofika madukani na noti ya mia waliambiwa unga wa ruzuku haujafika, au umefika ukaisha. Kura zilipopigwa, mpango nao ukafa.

Tupige hesabu ya nyumba moja. Mwaka huo kima cha chini cha mshahara wa kibarua jijini Nairobi kilikuwa Sh15,201 kwa mwezi, hata baada ya nyongeza ya asilimia 12 iliyotolewa Leba Dei. Familia ya watu watano inayosonga ugali jioni na kupikia watoto uji asubuhi humaliza pakiti moja kwa siku bila israfu yoyote. Kwa Sh205, mwezi mzima ni Sh6,150. Katika kila shilingi mia anayolipwa kibarua, arobaini zimekwenda kwa unga mtupu, kabla hajanunua sukuma wiki, hajalipa kodi ya chumba, hajapanda matatu kwenda kazini.

Ndiyo sababu ni nadra serikali kuiacha bei ya unga ijiendee. Mkoloni aliijua siri hiyo mapema. Mnamo 1908 walowezi, Lord Delamere akiwa mstari wa mbele, walianzisha kampuni ya Unga huko Njoro. Vibarua wa mashamba na wa reli walipewa posho ya unga wa mahindi kama sehemu ya ujira wao, na mwajiri alipenda iwe hivyo kwa kuwa unga ukiwa rahisi, mshahara nao hubaki mdogo. Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto, serikali ikaweka udhibiti kamili wa mahindi mnamo 1942: nani auze, amuuzie nani, kwa bei gani. Mlowezi alilipwa bei nono kuliko mkulima Mwafrika kwa gunia lile lile. Udhibiti huo ulioitwa wa dharura ulidumu nusu karne.

Uhuru ulipopatikana, bodi zilibaki, wenye viti wakabadilika. Kashfa ya kwanza kubwa haikuchelewa. Uhaba wa 1965 ulizaa tume ya uchunguzi mwaka uliofuata, na Paul Ngei, waziri aliyesimamia ushirika na masoko, akasimamishwa kazi huku biashara ya mahindi ikichunguzwa. Baadaye alirudi barazani. Wengi wa wanaosoma leo hawakuwa wamezaliwa, lakini mtiririko wa mambo wataufahamu: uhaba, tume, ripoti, kisha kimya.

Mnamo 1979 bodi ya mahindi na ile ya ngano ziliunganishwa kuwa Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, NCPB. Bodi ilinunua kwa mkulima kwa bei iliyopangwa na kumuuzia msagaji kwa bei iliyopangwa, na pakiti dukani nayo ilikuwa na bei yake ya serikali. Kwa mfanyakazi wa mjini hilo lilikuwa na faida yake, kwani alijua mwezi unapoanza unga utamgharimu kiasi gani. Lakini kusafirisha zaidi ya magunia machache kutoka wilaya moja hadi nyingine kulihitaji kibali, na kizuizi cha polisi barabarani kilikuwa na bei yake ambayo haikuchapishwa popote. Mahindi yakijaa Kitale, Machakos walilala njaa. Ukame wa 1984 ulipoua mavuno, meli zilileta mahindi ya manjano kutoka nje, na waliokuwa watoto wakati huo hawajasahau ladha ya ugali wake.

Ziko habari za kipindi hicho ambazo hazisimuliwi vya kutosha. Unga wa bei ya serikali ulikuwa ule mweupe, uliokobolewa, wa viwanda vikubwa. Mashine ndogo za mtaani, zile za kusagia mahindi yako na kubeba unga wako, zilikosa nafaka mijini kwa sababu ya vizuizi vya usafirishaji. Maskini wa mjini alilazimika kununua unga wa pakiti hata pale ambapo ule wa mashine ungemfaa na kumgharimu kidogo zaidi. Udhibiti wa bei ulipoondolewa Desemba 1993, kwa shinikizo la Benki ya Dunia na wafadhili wengine, bei ya pakiti ilipanda na vilio vikasikika. Hata hivyo, mashine zilichipuka mitaani kote. Familia nyingi zilihamia kwa gorogoro ya mahindi inayopimwa sokoni na kusagwa papo hapo. Ziliokolewa na jirani mwenye mashine, na serikali haikuwa na mkono hapo.

Soko huria nalo halikumfuta mwanasiasa. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, zilizochoma maghala na kuwatimua wakulima katika Bonde la Ufa, bei iliruka. Desemba 2008 serikali ikaja na unga wa bei mbili: pakiti ya Sh72 kwa wote na ya Sh52 kwa maskini. Haikuchukua muda kabla ya kubainika kwamba mahindi ya akiba yalikuwa yamegawiwa watu wasio na hata kinu kimoja, wakayauza kwa wasagaji na kutia tofauti mfukoni. Waziri wa Kilimo wa wakati huo, William Ruto, alikanusha kuhusika, na hoja ya kutokuwa na imani naye ikaanguka Bungeni Februari 2009. Mnamo 2011 Rais Mwai Kibaki alitia saini sheria ya kumruhusu waziri wa fedha kuweka bei ya juu kabisa ya bidhaa za lazima, unga ukiwemo.

Mwaka wa uchaguzi wa 2017 ulikuta pakiti imepita Sh150. Mwezi Mei ruzuku ikaishusha hadi Sh90, na mwezi huo huo meli yenye mahindi yaliyosemekana kutoka Mexico ikatia nanga Mombasa, kasi iliyowafanya wengi waulize ilikuwa imeng'oa nanga lini. Maduka yalimwekea kila mteja kikomo cha pakiti mbili. Mkulima wa Trans Nzoia, aliyekuwa akingoja kuvuna, alitazama soko lake likifurika mahindi ya kigeni. Tunapenda kumtenganisha mkulima na mlaji kana kwamba ni watu wawili, ilhali bawabu wa Nairobi anayelilia bei ishuke ana mama kijijini anayeomba ipande.

Alipoapishwa Septemba 13, 2022, Rais Ruto alisema ruzuku ya unga ilikuwa imemeza Sh7 bilioni kwa mwezi mmoja bila manufaa. Akahamishia fedha kwa mbolea, mfuko wa kilo 50 ukashuka kutoka Sh6,500 hadi Sh3,500. Naona uamuzi huo ulikuwa wa busara, ingawa aliyeishi miezi ile na pakiti zaidi ya Sh200 hakushiba kwa mbolea, na Machi 2023 waandamanaji waliingia barabarani na sufuria tupu kichwani. Mavuno mazuri ya mwaka huo yaliteremsha bei. Lakini kufikia hapo ushuru wa VAT kwa mafuta ya petroli ulikuwa umepandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na asilimia 1.5 ya mshahara ikaanza kukatwa kwa ajili ya nyumba. Nafuu iliyoingia jikoni ilitokomea kwenye hati ya malipo. Serikali ilipojaribu kuongeza VAT kwa mkate mwaka 2024, iliiondoa Juni 18, wiki moja kabla vijana waandamanaji hawajaingia Bungeni.

Uchaguzi Mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Atakayekuja mtaani kwako Julai akiahidi unga wa bei nafuu, mwulize bei hiyo itadumu hadi mwezi gani, msagaji atalipwa kwa fedha zipi, na mkulima atauza gunia lake kwa nani. Mwulize kabla hujapokea pakiti.