Tapeti zisizopiga kelele

Volkswagen ya zamani husifiwa kwanza kwa kutokunywa maji. Silinda zake nne zililala, mbili huku na mbili huko, zikapozwa na upepo wa feni iliyokaa kwenye shafti moja na dainamo. Dereva aliyetoka kwenye joto la Kasese mjini akapanda Kilembe kando ya mto Nyamwamba hakuwa na haja ya dumu la maji wala ya kuegesha kando kusubiri rejeta itulie. Sifa hiyo ni ya kweli, ila imeachwa nusu. Kazi haikumtoka mwenye gari. Ilihama tu kutoka kwenye rejeta ikaingia kwenye tapeti. Naona tukiifuata kazi hiyo tutaielewa historia ya injini za upepo upande huu wa Rwenzori vizuri kuliko tukihesabu majina ya magari.

Valvu ya kutolea moshi huishi ndani ya moto, na joto lake jingi huliachia pale inapokaa kwenye kiti chake imejifunga. Kiti kikilika, valvu huzama taratibu, na lile pengo dogo kati ya shina lake na roka, ambalo mafundi huliita tapeti, hupungua hadi kwisha. Hapo valvu haifungi sawasawa, moto unapenya ukingoni, na chuma kinaungua. Ndiyo maana tapeti inayogonga kidogo haimtishi fundi mzoefu. Humtisha zaidi ile iliyonyamaza. Kiwandani walitaka pengo la milimita 0.10 kwa miaka mingi, baadaye 0.15, lipimwe kila baada ya kilomita 5,000 hivi, injini ikiwa baridi kabisa, maana ikipata joto chuma hutanuka na kipimo hubadilika. Fundi hubandua waya wa kifuniko kwa bisibisi, oili ikadondoka, akalegeza nati kwa spana namba 13, akapitisha fila, bati jembamba la kupimia pengo, na kuzungusha skrubu mpaka bati lile likwame kidogo tu linapovutwa. Akishakaza nati anapima tena, kwa kuwa kukaza kwenyewe huisogeza skrubu. Silinda ya tatu aliiangalia kwa jicho la pekee: katika injini za kabla ya miaka ya 1970 kipoza oili kilikaa ndani ya njia ya upepo wake, na valvu yake ilikuwa maarufu kwa kuungua.

Upande huu wa Rwenzori kazi hiyo ilikuja na reli: kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956, mwaka ambao shaba ya Kilembe ilianza kusafirishwa kwenda kuyeyushwa Jinja. Palipo na mgodi na reli, spea hupatikana na mafundi hawakosekani. Kisha Agosti 1972 Rais Idi Amin akawapa Waasia siku 90 za kuondoka, nao ndio walioshika sehemu kubwa ya biashara ya spea na gereji nchini Uganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mgodi nao ukasimama. Katika uhaba wa namna hiyo kupima tapeti kulipata thamani mpya: hakukuhitaji spea yoyote, saa moja tu na mkono uliotulia. Aliyeipuuza saa hiyo alijikuta akitafuta valvu ambayo haipo dukani.

Mtu atanijibu kwamba ubora wa gari lile ulithibitishwa na mashindano ya magari ya Safari, ambayo Volkswagen ilishinda 1954, 1957 na 1962. Lakini Peugeot 404, yenye rejeta na maji yake, ilishinda 1963, tena 1966, 1967 na 1968. Kama kukosa maji kungekuwa ndiyo siri, Peugeot isingeonekana kabisa. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kijana anayetengeneza pikipiki Bwera leo huenda hajawahi kufungua Volkswagen hata moja, sasa urithi wa kazi hiyo uko wapi? Sidai kwamba alifundishwa na mafundi wa Volkswagen. Ninachosema ni kwamba masharti yale yale yamerudi. Bajaj Boxer inayobeba abiria mpaka Mpondwe, kwenye mpaka wa mto Lhubiriha, hupozwa na upepo, ina skrubu na nati juu ya valvu, na hupimwa kwa fila ile ile.

Tofauti iko kwenye muda. Mwenye Volkswagen aliweza kuliacha gari usiku kucha lipoe. Mwendesha boda humletea fundi chombo saa nne asubuhi, injini ikiwaka, soko la mpakani limejaa, na kila dakika ya kusubiri ni abiria anayechukuliwa na mwenzake. Basi fundi hupima ikiwa ya moto, akikisia kwa vidole tofauti ambayo baridi ingeleta, na jioni pikipiki ikigonga husemwa kuwa fundi ndiye hajui kazi.